Heshima kwa Rejeta Baridi

Wanaomnung'unikia mwenye nyumba wetu hapa London hawana shukrani. Rejeta ya ukutani ya kupasha nyumba joto ikiwa moto chini na baridi juu, ni hewa imejikusanya humo ikayazuia maji. Hutolewa kwa ufunguo mdogo wa shaba, kazi ya dakika chache. Lakini haraka ya nini? Fundi aliyeletwa Novemba aliipapasa yetu, akaipiga picha, akaisifia rangi. Alikuwa na haki: ni sanamu ya makumbusho, tena haina kiingilio. Ni wizara kamili: juu hewa tupu, chini ndiko wanakochemka. Na ni mlezi hodari, kwani watoto siku hizi hulala na makoti, asubuhi tayari kwa shule. Kodi, alhamdulillahi, haijawahi kupoa.