Niachieni Chemko Langu

Nani aliwadanganya hawa vijana kwamba wimbo wa bendi ya Mlimani Park unaisha dakika ya tatu? Wanauweka, mwimbaji anaanza kueleza shida zake, magitaa yanambembeleza, unasogeza kiti ukae vizuri, na kabla jamaa hajafika kwenye chemko, pap! Umekatwa. Kinaingia kitu cha kugongagonga. Ni sawa na kumtoa mtu mezani akiwa ameshanawa mikono.

Kwa wasiojua, na hapa Nyamilangano siku hizi wasiojua ndio wengi, wimbo wa dansi ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kusikiliza: mke kaondoka, barua haijajibiwa, mshahara umeisha. Ya pili ndiyo chemko. Gitaa la solo linapanda, matarumbeta na saksafoni vinaingia, mwimbaji anaacha kulalamika, na wewe uliyekuwa unamhurumia unainuka kucheza. Anayekata wimbo katikati anakuachia matatizo ya mtu na kukunyima dawa yake.

Ugonjwa wa muziki huu ulinirudia msimu uliopita wa tumbaku. Tumbaku ya mvuke haijui usingizi wa mtu. Bani la kukaushia majani likishawashwa moto lazima mmoja akeshe, achochee kuni na kuchungulia kipimajoto. Mwanangu aliniachia kiredio chake chenye memori kadi ili nisisinzie. Katika makelele yake yote, sijui nani aliyepenyeza humo "Neema" ya Mlimani Park. Cosmas Chidumule akafungua kinywa, nami nikasimama peke yangu mbele ya tanuru, usiku wa manane, mzee mzima, nacheza. Majani hayakuungua, Mungu ni mwema.

Tangu hapo sisikii la mtu. Atakayepita atasimuliwa kwamba bendi ilianza mwaka 1978, ikiwa mali ya shirika la umma la usafiri na teksi, na kwamba mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa wa shirika, mwisho wa mwezi anasubiri mshahara kama karani. Kwa mshahara huo ndipo ilipotoka ile mipangilio ya vyombo ambayo leo mtu na kompyuta yake haiwezi. Bodaboda wangu siku hizi akiniona anawasha pikipiki kabla sijamfikia.

"Baba Kulwa," mama watoto akaniuliza mbele ya wageni, "huo ukumbi wa DDC Kariakoo unaousimulia, uliingia lini?"

Sikuingia. Miaka hiyo nilikuwa naswaga ng'ombe hapa hapa Ushetu. Sikinde ilinifikia kwa Redio Tanzania, maana bendi zilirekodi kwenye studio yao, na betri zikichoka tunazianika juani zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Sasa hilo nalo kosa? Hawa wanaotoana ngeu kwa ajili ya Arsenal, nani kati yao ameiona London?

Nikaenda Kahama mjini, kwenye kibanda cha kurusha nyimbo, nijaziwe Sikinde kwenye memori kadi ya simu yangu. Kijana akaniambia, "Shikamoo mzee, zilipendwa zipo, nakuwekea miksi." Sikujua miksi ni nini. Miksi ni Hassan Bitchuka anaimba kwa ile sauti yake nyembamba ya kukata maini, halafu juu yake mtu anapiga kelele kulitaja jina lake mwenyewe na namba ya simu. Machemko yote yamefyekwa. Na katikati ya Sikinde yangu, yule kijana akachomeka Msondo!

Msondo, wale wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, wakaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU. Hao na Sikinde walikuwa Simba na Yanga ya muziki. Nilipofika nyumbani nikachukua simu nifute.

"Futa uone," akasema mama watoto.

Miaka yote ya ndoa, nimelala nyumba moja na Msondo bila kujua! Kumbe kwao Tabora kaka zake walimlea hivyo.

Tukakubaliana tuigawe kadi, nusu kwa nusu. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu wanamuziki wale hawakutulia. Bitchuka alikwenda na kurudi, Shaaban Dede vilevile. Muhiddin Maalim Gurumo ndiye aliyetuvuruga kabisa: alitoka NUTA, mwaka 1978 akawa Mlimani, mwaka 1985 akaenda Safari Sound na mtindo wao wa Ndekule, mwishowe akarudi Msondo na kuzeekea huko.

"Alianza kwetu, akamalizia kwetu," akasema mama watoto. "Kwenu alipita tu."

"Alipopita ndipo alipoimba vizuri," nikamjibu, na chakula cha jioni hiyo sikisimulii.

Jirani akasikia sauti zimepanda, akaja kusuluhisha. Akashauri, kwa busara zake, tuache bendi zote za Dar tuweke Tabora Jazz ya Shem Karenga, maana hao ndio wa karibu na sisi. Mimi nilimshika mkono wa kulia, mama watoto wa kushoto, tukamsindikiza hadi barabarani.