Namna ya Kumpoteza Mpandaji Wako Bora Bila Kugombana Naye

Bosi mwenzangu, umenunua msumeno wa mnyororo, umechapisha kadi, na mlango wa kirikuu umeandikwa "Wataalamu wa Miti" kwa rangi ya kijani. Hongera. Limebaki tatizo moja: una kijana anayeijua kazi. Anapanda mwembe wa Oysterbay ulioinamia paa la jirani, anaushusha tawi kwa tawi mpaka chini, na hakuna kigae kilichovunjika. Mtu wa namna hii ukimwacha miaka mitano, wateja watalijua jina lake kuliko lako. Lazima aondoke. Lakini aondoke kwa miguu yake, akikushukuru, na wewe ubaki barazani ukisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Mimi nimeshapoteza wanne. Sikupi nadharia.

Hatua ya 1. Mteja mtoze kwa mti, kijana mlipe kwa siku

Unapomtajia mteja bei, weka kila kitu: urefu, nyaya za umeme, ukuta wa jirani, gari ambalo mwenyewe hataki kulisogeza. Hatari iuze wewe, kuipanda aipande yeye. Jioni mpe ujira uleule wa anayekusanya majani, mwongezee elfu tano na umnong'oneze: "Hii yako peke yako, wenzako wasijue." Akiuliza mbona kidogo, mkumbushe kwamba wote mmekuja na kirikuu kimoja.

Tahadhari: bei usiitaje chini ya mti. Mtu aliye mita 12 juu, mashine imezimwa, anakusikia vizuri kuliko unavyodhani. Niliwahi kumtajia mteja laki sita kwa sauti ya kujivuna, juu kukawa kimya. Hakuna tawi lililoshuka kwa dakika nzima. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

Hatua ya 2. Ufundi wake uite nguvu

Uingereza mtu wa kazi hii huitwa mpasuaji wa miti, kwa neno lilelile la daktari wa upasuaji, na hupimwa mara kadhaa: kupanda na kumwokoa mwenzake aliyekwama mtini ni mtihani mmoja, kutumia msumeno akiwa ananing'inia kwenye kamba ni mwingine. Habari hizi zisimfikie. Wewe mwite "kijana", na wateja wakimsifu, cheka useme, "Huyu tangu utoto anaiba maembe."

Utamwona akikata tawi zito mara tatu pale ambapo wewe ungekata mara moja. Kwanza anachanja kidogo kwa chini. Kisha anasogea mbele kidogo kuelekea nchani, anakata kwa juu, tawi linavunjika na kuanguka bila kuchuna gome la shina. Mwisho anarudi kuondoa kile kipande kilichobaki, na anakikata nje tu ya ule uvimbe ambapo tawi limeota, ili mti uweze kulifunga jeraha lake wenyewe. Mfokee. Mwambie anachoma petroli ya watu. Mteja analipia kivuli kipungue. Gome likichunika, mti hauna mdomo wa kwenda kushtaki.

Na mteja akitaka mti ukatwe kichwa chote, kijana atamwambia kwamba machipukizi yatakayoota pale yatashika vibaya na yatakuja kumwangukia siku ya upepo. Mzibe mdomo haraka. Hayo machipukizi ndiyo kazi yako ya mwaka keshokutwa.

Hatua ya 3. Nunua fulana

Pesa ya vifaa ipo, sikatai. Ila zipo suruali za kazi hii zenye nyuzi ndefu ndani: mnyororo ukigusa paja, nyuzi zinatoka, zinakwama kwenye mashine, mashine inasimama kabla ya kufika mfupani. Ni ghali, na kwenye picha zinafanana na suruali yoyote. Fulana yenye jina la kampuni mgongoni ni bei rahisi na inasomeka kutoka barabarani. Chagua kwa busara.

Kamba chukua ile ya kufungia mizigo kwenye Fuso. Mashine nyingi hutaka mililita 20 za oili yake maalumu kwa kila lita ya petroli. Wewe kadiria kwa jicho. Mnyororo ulainishe kwa oili chafu iliyomwagwa gereji. Tupa ya kunolea anunue mwenyewe, maana anayeumia kwa mnyororo butu ni yeye. Mashine ikifa, mkate mshahara.

Hatua ya 4. Siku ya malipo

Hapa ndipo mabosi wachanga wanapoharibu. Wanakataa kulipa, kijana anakasirika, mambo yanaishia kwa mtendaji wa mtaa. Usikatae kamwe. Bosi mahiri hulipa, ila halipi siku ileile, halipi yote, wala halipi kwa namna inayoweza kuhesabika.

Ijumaa saa kumi na moja jioni sema, "Nakurushia sasa hivi, nikifika tu nyumbani." Usiku zima simu. Jumamosi mtandao unasumbua. Jumapili ni siku ya ibada. Jumatatu mteja hajamalizia, na hapo mfanye kijana aone huruma: mwonyeshe ujumbe uliomtumia mteja, usimwonyeshe jibu lake. Jumanne mrushie nusu, wala usiweke ya kutolea. Hili la ya kutolea lishike sana. Elfu hamsini anaweza kukusamehe, lakini asubuhi ile anaposimama kwa wakala, akagundua hata nauli ya kuitoa pesa yake mwenyewe unamdai yeye, ndipo moyo unapohama. Hutasikia kelele yoyote. Ataweka simu mfukoni na kuja kazini.

Nusu ya pili? Neno ni moja: "Tutaangalia." Ni neno zuri sana. Halikubali, halikatai, na haliwezi kupelekwa mahakamani.

Hatua ya 5. Sheria iheshimu kwa mbali

Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inataka maelezo ya ajira kwa maandishi, saa 45 kwa wiki, saa za ziada kwa mara moja na nusu, likizo ya siku 28 yenye malipo. Dawa yake ni kumwita deiwaka. Deiwaka wa mwaka wa nne, anayeshika funguo za stoo, bado ni deiwaka.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaomlipa aliyeumia kazini. Mwajiri binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mshahara, kutoka mfukoni mwake. Kwa kijana wa laki tano ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Nimekaa nikaitazama hesabu hii mara nyingi, bosi mwenzangu, na nakiri kwamba ni bei ya chipsi kavu. Ndiyo tunayoikimbia. Tunaikimbia na tukishapaki, tunanunua chipsi.

Sasa utaelewa kwa nini nasisitiza aondoke mwenyewe. Ukimwachisha wewe baada ya mwaka au zaidi, sheria inaweza kukudai mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, mpaka miaka kumi. Akiaga kwa hiari, hilo limekwisha. Ubaya ni kwamba sheria hiyohiyo inamjua pia mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu bosi ameifanya isivumilike, na humhesabu kama aliyeachishwa. Kwa hiyo tabasamu. Kila unapomdhulumu, muulize hali ya mama.

Hatua ya 6. Mfanye ndugu

"Sisi hapa ni familia." Litamke kila anapotaja pesa. Mpe jina la sifa: Komando linafaa, halina makato ya NSSF. Akiwa juu mpige picha, iweke kwenye stetasi yenye maneno "Kazi zetu", na uikate picha vizuri ili vibaki viatu na tawi.

Kisha mlete kijana wa shemeji yako. Mwambie Komando amfundishe bure: mafundo, namna ya kuzungusha kamba kwenye shina ili kipande kizito kishuke polepole, namna ya kujifunga sehemu mbili kabla ya kuwasha mashine, ili msumeno ukikata kamba moja abaki na nyingine. Atafundisha kwa moyo, hawa watu wana ugonjwa wa kupenda kazi yao. Wiki ya tatu, mlipe kijana wa shemeji sawa na mwalimu wake. Usitangaze. Acha aonyeshe simu yake mwenyewe.

Siku yenyewe

Itakuja kimya. Atakuja asubuhi na mfuko, atakurudishia fulana ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, atasema anakwenda kupumzika kidogo nyumbani. Mwombee heri. Umeshinda.

Mwezi wa tatu masika inaanza. Usiku mmoja mvua na upepo vinapasua mwembe wa mteja wako mkubwa. Nusu yake imelalia gereji na nusu bado inaning'inia. Saa mbili asubuhi mko getini. Kijana wa shemeji amefika kwenye panda ya kwanza na kuukumbatia mti kama mama yake, hapandi, hashuki. Mteja ametoka na kikombe cha chai, anatazama mlango wa kirikuu, anausoma tena.

Sogea pembeni, piga simu. Itaita sana. Akipokea, nyuma yake utasikia mashine ikinguruma, kisha ikizimwa.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Komando wangu! Mama hajambo? Sikia, kuna kazi hapa, safari hii nakulipa yote, na ya kutolea naweka."

"Nashukuru, bosi. Ila nipo juu sasa hivi. Nikishuka nitakupigia."

"Unashuka saa ngapi?"

"Tutaangalia."