Kalamu Imepima Presha

*Saa nane usiku. Wodi ya akina mama, mahali fulani kati ya Kitale na Bungoma. Juu ya toroli ya dawa wamo Kalamu, iliyopatikana bure kwenye semina ya hoteli; Mashine ya Presha, mzee ambaye mkanda wake umezungushiwa plasta; na Ampuli ya oksitosini, mgeni aliyeingia sasa hivi.*

AMPULI: Hodi humu. Mulembe.

PRESHA: Mulembe, binti. Mbona jasho linakutoka hivyo?

AMPULI: Natoka Kitale, mzee. Hapa dawa imeisha, mama mkwe wa mgonjwa akaambiwa anunue nje. Kazunguka kemisti zote za hapa, wapi! Akampigia mwanawe aliye Kitale. Nikatiwa kwenye bahasha, nikakabidhiwa dereva wa matatu, akaniweka juu ya injini. Kufika Kiminini kichwa kinazunguka. Kamukuywa tukakaa kungoja abiria wawili. Webuye sikuiona kabisa.

PRESHA: Na kwenu ni kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

AMPULI: Friji gani, mzee? Nimelaliwa na mahindi ya kuchoma ya kondakta.

KALAMU: Usijali, dada. Nimeshaandika kwamba umepokelewa katika hali nzuri.

PRESHA: Ameingia sasa hivi! Umeandika saa ngapi?

KALAMU: Saa kumi na mbili jioni. Mimi huandika mapema, msongamano sipendi.

AMPULI: Huyu ni nani, mzee?

KALAMU: Jitambulishe kwangu wewe! Usiku huu nimepima wagonjwa 22. Wote presha 120 kwa 80, joto 36.5, mpigo 80. Kenya nzima hakuna wodi yenye afya kama hii.

PRESHA: Ila mimi tangu jana sijaondoka hapa juu.

KALAMU: Ndiyo maana kazi ilienda haraka.

AMPULI: Kitanda cha tisa je? Nimekipita, ni kitupu.

KALAMU: 120 kwa 80.

AMPULI: Kaka, mwenyewe ameruhusiwa, ameenda nyumbani.

KALAMU: Unaona? Amepona.

AMPULI: Na yule mwanamume wa mlangoni mwenye chupa ya chai?

KALAMU: Askari wa zamu. 120 kwa 80. Nilikuwa napita, nikamwandikia naye.

AMPULI: Mimi je?

KALAMU: Wewe una joto kidogo. Nitakupa 36.6.

PRESHA: Inatosha, kijana. Binti, nikueleze ulikoingia. Nesi hufundishwa maswali matano kabla ya kumgusa mtu: mgonjwa ni huyu? Dawa ni hii? Dozi ni hii? Njia ni hii? Wakati ni huu? Si maswali ya mchezo. Mwaka 2018, Hospitali ya Kenyatta kule Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa, na asiyehitaji upasuaji wa ubongo akapasuliwa. Hata humu, dozi ya misoprostoli ya kuanzisha uchungu ni mikrogramu 25, na kidonge kilicholetwa ni cha 200. Basi kinakatwa vipande vinane kwa wembe, chini ya taa inayopepesa, na aliyepata kipande kikubwa shauri yake.

KALAMU: Hayo matano tunayaimba hata usingizini, mzee.

PRESHA: Mnayaimba, kweli. Mimi naulizia kinachofuata sindano ikishatoka. Kitanda cha saba kuna mama mwenye kifafa cha mimba, anachomwa magnesiamu salfeti kila baada ya saa nne. Dawa hiyo humwokoa, na ikizidi humzimia pumzi. Kwa hiyo kabla ya kila sindano nesi anasimama na saa, anahesabu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika. Anagonga chini ya goti aone mguu unaruka. Anatazama mfuko wa mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Na kalisiamu glukoneti iwe pale pale mkononi, kwa sababu ndiyo inayoizima magnesiamu. Saa sita usiku alichomwa. Mguu wake uliruka?

KALAMU: Uliruka vizuri sana.

PRESHA: Upi?

KALAMU: ... Wote.

AMPULI: Na mimi, mzee, nikishaingia kwenye dripu?

PRESHA: Wewe ndiwe wa kuogopwa zaidi. Unaanza kwa matone machache, mtu anakaa kitandani, mkono tumboni, anahesabu uchungu kwa dakika kumi. Uchungu ukizidi mara tano, dripu inafungwa. Mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa tena na tena. Ukiachwa peke yako na mama, unaweza kupasua mfuko wa uzazi. Na kwa safari uliyosafiri, huenda hata huna nguvu tena, halafu watasema mama ndiye mkaidi.

KALAMU: Mzee unatisha watu. Nani amewahi kuachwa?

PRESHA: Bungoma unaisikia tu? Agosti 2013, Hospitali ya Wilaya ya Bungoma. Uzazi wa bure ulikuwa umetangazwa Juni Mosi, lakini mama mmoja alitakiwa ajinunulie pamba na dawa ya kuanzisha uchungu. Akapewa dawa, akaambiwa uchungu ukizidi atembee mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia. Akafika, vitanda vimejaa. Akageuka kurudi, akaanguka, akajifungulia sakafuni, na alipozinduka alikuwa anazabwa makofi. Kuna aliyechukua video, la sivyo wewe ungeandika "amejifungua salama". Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi.

KALAMU: Usinilaumu mimi! Sista yuko peke yake usiku kucha. Akizunguka kupima, nani atazalisha? Asubuhi mkubwa akija hamuulizi mgonjwa, anafungua faili. Nafasi tupu kwenye chati ni barua ya kujieleza. Nikiandika 120 kwa 80, napongezwa.

PRESHA: Hapo umesema kweli, na hapo ndipo ninapokuchukia. Nafasi tupu ingesema kitu! Andika "sikupima, niko peke yangu, nina akina mama 22". Andika hivyo leo, kesho, mwezi mzima, kaunti itafute pa kujificha. Wewe kila usiku unaiandikia serikali kwamba nesi mmoja anatosha, na inakuamini, kwa nini isikuamini? Mwaka 2017 wauguzi waligoma miezi mitano, Juni hadi Novemba, na mabango na vuvuzela. Ushahidi wenye nguvu kuliko mabango yote ulikuwa kwenye chati, na wewe ndiye uliyeufuta. Na ninyi wakubwa mnaokata utepe, mnapiga picha na vitanda vipya halafu mnashindwa kuninunulia mkanda, mnamsomesha nesi semina ya siku tatu ya usalama wa dawa na kumrudisha na kalamu badala ya mwenzake wa zamu, haya mnayataka. Faili safi haliwaulizi maswali.

AMPULI: Mzee, shusha sauti. Wa kitanda cha saba ameita.

KALAMU: Nimeshaandika kwamba amelala.

PRESHA: Msomaji, wewe unayesikia. Ukilazwa, au mkeo, au mama yako, kabla dawa haijaingia uliza inaitwaje na ni ya nini. Ikishaingia uliza nani atarudi kukuangalia, na saa ngapi. Akikosa kurudi, mwite, au mtume mtu amwite, hata kama utaitwa msumbufu. Na asubuhi omba uone walichoandika.