Mkwe Chini ya Meza

Baba mkwe wangu ni Mmarekani wa Texas, na huko mtu anaruhusiwa kujijazia risasi zake mwenyewe nyumbani, mradi asizifanyie biashara. Mzee ni mlenga shabaha, na ganda tupu halitupi. Huliokota, hulisafisha, hutoa fataki ya kitakoni (kile kidude kinachowasha baruti) iliyokwisha kulipuka, hutia mpya, halafu baruti, mwisho kichwa cha risasi. Mimi niliyemwoa bintiye nilikabidhiwa idara ya fataki. Nilidhani nimepandishwa cheo, kumbe ndiyo kazi anayoichukia.

Fataki ndogo ina kipenyo cha milimita 4.45, kubwa 5.33. Kwa vidole vyangu zote ni ndogo. Kifaa chenyewe ni cha mkono: juu sahani ya plastiki yenye mifereji, chini mpini. Unazimwaga fataki sahanini, unatikisa pole pole hadi zigeukie upande mmoja, unafunika, unapachika ganda, unabana mpini. Tk! Fataki imekaa. Ukipapasa kitako cha ganda, uisikie imezama kidogo tu. Katika kila sahani, hata hivyo, haikosi moja kaidi inayobaki imelala chali huku wenzake wote wametii.

Maganda ya kijeshi nayo yana kiburi chake. Kiwandani ukingo wa tundu hukunjwa ili fataki isichomoke, na usipouondoa ukunjo huo, mpya haiingii. Moja liliponishinda, mzee alikichukua kifaa, akabana mpini mpaka shingo ikamvimba, kisha akakumbuka sheria yake mwenyewe kwamba kisichoingia hakilazimishwi. Akalitoa ganda, fataki imekaa ubavu, akaliweka pembeni kwa adabu ambayo sijamwona akimpa mtu.

Ndipo fataki moja ikamponyoka, ikadunda sakafuni na kupotea. Mzee akapiga magoti, akaingia chini ya meza na tochi, sehemu iliyobaki ya mwili ikabaki nje. Mimi nimelelewa kwamba mkwe hatazamwi ovyo, sembuse upande ule. Nikageukia ukuta.

Kutoka chini ya meza akaanza kunipa historia. Mchungaji wa Kiskoti, Alexander Forsyth, alichoka kuona ndege wakiruka kila bunduki yake ya gumegume ilipotoa cheche kabla ya mlio. Akabuni njia ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali, akapata hataza mwaka 1807. Baadaye Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan kila mmoja akabuni fataki yake. Leo Wamarekani wanatumia zaidi fataki ya Boxer, na ya Berdan imeenea Ulaya. "Kama wewe," sauti ikasema, "wote wawili wameoa ng'ambo."

Mama mkwe akatokea mlangoni na mashine ya kufyonza vumbi. Ukelele uliotoka chini ya meza uliamsha mbwa wa jirani. Fataki hulipuka kwa kugongwa, na tumbo la mashine ile si mahali pa kujaribia. Ndiyo maana pia huuzwa zimepangwa kila moja kwenye nafasi yake, wala hazimwagwi zote katika chupa: ikilipuka moja, zinaweza kuifuata zote.

Mwishowe mama mkwe ndiye aliyeiona. Ilikuwa imetulia katika mkunjo wa suruali ya mzee, upande wa nyuma, mahali ambapo yeyote asiye na mila angeiona mapema.

Basi ukialikwa kazi hii, msomaji, vaa miwani ya kinga na unawe mikono mara mbili: kabla, maana mafuta ya sambusa huweza kuiharibu fataki, na baada, maana fataki nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Halafu uliza mapema utalipwa nini. Mimi nililipwa boksi zima la risasi, na sina bunduki.