Mshenga wa Jumamosi Usiku

Cilla Black wa Liverpool alianza kwa kupokea makoti ya watu Cavern Club, huku Beatles wakiporomosha muziki ndani. Kwao aliitwa Priscilla White. Gazeti la Mersey Beat likakosea rangi, naye akaona potelea mbali, jina likabaki. Mwaka 1964 nyimbo zake mbili zilishika namba moja Uingereza. Kisha Burt Bacharach, mtunzi Mmarekani asiyeridhika upesi, alimrudisha kwenye maikrofoni tena na tena mpaka “Alfie” ikamkaa sawa.

Sauti yote ile, jamani, ikaishia kwenye ushenga! Tangu 1985, kipindi alichokiendesha kwenye televisheni ya ITV, Blind Date, kilimweka binti upande mmoja wa kiambaza, wanaume watatu wasioonekana upande wa pili. Binti anauliza, wao wanajibu kwa mizaha iliyonuka mazoezi, anachagua mmoja, wanapelekwa matembezi kwa gharama ya stesheni. Wiki inayofuata wanarejea kusutana mbele ya taifa zima, Cilla katikati, mkono begani, akichochea kuni kwa tabasamu la shangazi. Mshenga wa kwetu ndoa ikivunjika hujificha. Huyu ikivunjika ndiyo kwanza watazamaji wanaongezeka. Harusi zenyewe zilihesabika kwa vidole.

Wakubwa wakaanza kukigusagusa kipindi. Januari 2003, kwenye matangazo ya moja kwa moja, bibie akawaambia watazamaji kwamba anaacha. Makoti yao wajichukulie wenyewe.