Utakula Rangi? Barua ya Wazi kutoka Kindu kwa Waziri wa Vyuo Vikuu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa.

Watu wa Kindu wanashukuru. Barua zinazotoka Maniema kwenda Kinshasa zina mazoea ya kuomba: barabara, umeme, mishahara ya walimu. Hii haiombi kitu, angalau si mwanzoni. Inamshukuru Mheshimiwa, pamoja na wote waliokikalia kiti chake kabla yake, kwa busara ya kuiweka shahada ya uchoraji na uchongaji mahali ambapo kijana wa Kasuku au wa Mikelenge hawezi kujikwaa nayo hata kwa bahati mbaya. Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, ile Académie des Beaux-Arts inayofundisha uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ufuaji wa shaba, kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mto Lualaba unaopita Kindu, na barabara ya kufika huko ni ndege.

Ulinzi huu umesaidia sana familia. Kijana aliyepata diploma yake ya Serikali akimwendea babake na kusema anataka kusomea sanaa, jibu analopewa ni swali: "Weye, utakula rangi?" Papa anataka sheria. Akikosa sheria, anataka uchumi. Kijana anaandikishwa sheria, analipa minervali, yaani ada, ananunua silabusi moja baada ya nyingine, na pembezoni mwa kila ukurasa anamchora profesa: pua, miwani, tumbo. Miaka inapita, anapata lisansi. Leo anauza yuniti za simu chini ya mwavuli, na kibanda chake ndicho kizuri kuliko vyote vya barabara ile, maana amekipaka rangi mwenyewe na kuandika jina lake kwa herufi zenye kivuli. Wenye maduka ya dawa na vinyozi wameanza kuja kumwomba awaandikie na wao. Sheria imebaki ukutani, ndani ya fremu. Fremu nayo aliichonga mwenyewe.

Kwa hiyo anakula rangi, Mheshimiwa. Ila anaila bila cheti.

Wapo wakorofi wanaosema Serikali haijui thamani ya sanaa. Barua hii inawakanusha. Serikali inaijua vizuri kiasi cha kuiweka kwenye pesa: noti ya faranga 10 ilitoka na mchongo wa Kiluba, egemeo la kichwa la chifu, na noti ya faranga 50 ina uso wa Mwana Pwo, kinyago cha Wachokwe. Benki Kuu ilipotafuta kitu cha kumfanya Mkongomani aiamini karatasi, haikuchapa picha ya lisansi ya uchumi. Ilikwenda kwa mchongaji. Kwamba noti hizo ni ndogo kuliko nyingi, na leo hazinunui hata peremende, ni jambo la sera ya fedha, na watu wa Kindu hawapendi kuingilia fani za wengine.

Lakini kuna jambo moja ambalo pengine halimo kwenye mafaili ya wizara. Maniema iliwahi kuwa na chuo kikuu cha sanaa. Hakikuwa na rekta wala hakikusubiri agizo kutoka Kinshasa, kwa kuwa Kinshasa yenyewe haikuwapo. Kiliitwa Bwami, chama cha Walega.

Wakaguzi wa wizara wangeingia Pangi, kwa Walega, na daftari lao la kawaida, wangepata taabu kulijaza. Majengo? Hakuna, ila uwanja wa kijiji na nyumba inayojengwa kwa ajili ya sherehe. Maktaba? Kapu. Ndani ya kapu: sanamu ndogo za mbao na za pembe za ndovu, vinyago vyenye ndevu za nyuzi, vijiko, manyoya, makucha, midomo ya ndege. Ngazi za masomo? Hapo wangetabasamu, kwa sababu zilikuwa nyingi kuliko zile za mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) tulioletewa juzi: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, hadi kindi, kila moja na migawanyo yake. Wanawake walikuwa na ngazi zao, na mume hakufika juu akimwacha mkewe chini. Kipengele hicho vyuo vya sasa havijafikia hata kukijadili. Minervali ililipwa kwa mbuzi, kuku, chumvi na musanga, fedha ya makombe, na ukoo mzima ulichanga. Ambaye tabia yake ilikuwa mbaya alibaki mlangoni hata akiwa na mbuzi mia. Hapa Kindu watu wameisoma sentensi hiyo mara mbili.

Masomo yenyewe yalikuwa ya kutazama. Mwalimu alitoa kinyago, akakicheza, akaimba, akasema methali. Kinyago kile kile kesho kilitoka na methali nyingine na kufundisha jambo jingine. Kinyago kidogo cha aina ya lukwakongo hakikuwa lazima kivaliwe usoni: kilifungwa mkononi, kiliwekwa juu ya paji, kilitundikwa uani kwenye kitalu, kiliburutwa chini kwa ndevu zake. Mwanafunzi aliyedhani ameelewa sanamu kwa kuitazama mara moja alikuwa bado mwaka wa kwanza. Kuna sanamu ya Sakimatwematwe, Bwana Vichwa Vingi, mtu mwenye nyuso zinazotazama pande zote; methali inayoandamana naye inasimulia juu ya aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Na neno la Kilega la kupima kazi hizo ni busoga, ambalo linabeba uzuri na wema pamoja. Kitu kibaya kwa tabia hakikuweza kuwa kizuri kwa sura. Mtu anaweza kukaa miaka 5 kwenye idara yoyote ya falsafa bila kuambiwa hivyo kwa ufupi huo.

Mwanachama akifa, vitu vyake vilitandazwa juu ya kaburi, kisha vikakabidhiwa mrithi. Vilipakwa mafuta, vikashikwashikwa, hata pembe ikawa na rangi ya asali. Rangi hiyo ndiyo leo wanunuzi wa Ulaya wanaipima kwa taa na darubini ili kujua kama ni ya kweli.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulikipiga marufuku chuo hicho. Kosa lake halikuwa sanaa. Lilikuwa kwamba watu wazima walikutana, wakapeana mamlaka kwa sifa za tabia, na Mzungu hakuwa mwenyekiti. Baada ya hapo makapu yalizidi kusafiri. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji aliyefanya kazi kwa Walega miaka ya 1950 na kuruhusiwa kuhudhuria sherehe, alichapisha kitabu kikubwa juu ya Bwami mwaka 1973, huko California. Mwaka 2001 jumba la Fowler la Chuo Kikuu cha UCLA, Los Angeles, likafanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Walega. Na mwanafunzi wa Brussels anayetaka kuijua Maniema hapati shida: anapanda tramu namba 44 mpaka Tervuren, anashuka, anatembea kidogo, anaingia kwenye makumbusho. Wa Kindu akitaka kuijua Maniema kwa namna hiyo, anaanza kwa kuomba viza.

Si kwamba hakuna kinachorudi. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kinshasa orodha ya vitu wapatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren, na Juni mwaka huo Mfalme Philippe alikuja na kinyago kimoja, kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Kimoja kati ya 84,000. Kwa mwendo huo muda upo wa kutosha, na pengine ndiyo maana hakuna haraka ya kuwaandaa vijana watakaojua, siku kreti za Maniema zikifunguliwa, upi ni mbele na upi ni nyuma.

Wizara inaweza kujibu kwamba chuo cha sanaa kinahitaji mji mkubwa. Chuo hicho hicho cha Kinshasa, Mheshimiwa, kilianza mwaka 1943 kijijini, Gombe-Matadi katika Kongo ya Chini, kwa mkono wa Bruda Marc Wallenda. Kilihamia mjini mwaka 1949. Huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mwaka 1946, na jina lake lilikuwa Hangar, kwa maana ilikuwa hangari. Humo Bela alichora kwa ncha za vidole badala ya brashi, na humo walitoka Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambao baadaye walifundisha kwenye chuo cha sanaa cha mji ule bila mtu kuwadai lisansi. Kindu haina hangari? Ina mabohari ya zamani ya kutosha.

Au wizara itasema vipaji havihitaji shule, na itamtaja Chéri Samba, aliyejifunza kwa waandika vibao wa Kinshasa na hatimaye kufika Paris. Ni kweli. Mwaka 1978 picha za wachoraji wa mitaani zilitundikwa ndani ya Chuo cha Sanaa chenyewe, kwenye maonyesho ya Art Partout, na wasomi wakaja kuwatazama watu ambao hawakuwafundisha. Lakini atajwe pia Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na picha za aina yake watu walizinunua kwa ajili ya ukumbusho, wakazitundika sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100, huku akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha Shaba. Alijiita mwanahistoria. Fabian alikuwa profesa, akaandika kitabu. Picha ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuna ajuaye aliishia wapi. Hivyo ndivyo kipaji kisichohitaji shule kinavyotunzwa.

Majirani walifanya makosa mengine. Makerere ilifundisha uchoraji tangu enzi za Margaret Trowell, na mmoja wa waliopita pale, Sam Ntiro wa Kilimanjaro, alipomaliza kuchora mashamba ya migomba, Tanganyika huru ilimtuma London kuwa balozi wake wa kwanza, mwaka 1961. Mchoraji! Kongo haijawahi kujidhalilisha hivyo.

Sasa ombi, kwa kuwa karatasi imebaki. Watu wa Kindu hawadai jengo. Wanaomba wizara ilete wakaguzi wake, wale wenye daftari, waende Pangi kabla wazee wachache wanaokumbuka hawajaisha, na wahesabu: methali moja ni krediti ngapi, ngoma moja ni saa ngapi za darasani, kapu moja ni maktaba ya ukubwa gani. Kisha waseme kama Maniema inastahili kufungua idara ya sanaa, au kuifungua tena ile iliyofungwa mwaka 1948. Wakifika waelekezwe ukingoni, wavuke kwa mtumbwi hadi Alunguli, wageuke, waitazame Kindu kutoka ng'ambo. Tembo hayupo siku hizi, lakini mahali pa kusimama papo.

Kitambaa cha kuwakaribisha kimeshaagizwa kwa yule mwanasheria wa yuniti. Amepima mita 6, ameandika "Karibuni" kwa bluu na "Mheshimiwa" kwa nyekundu, na baada ya hapo ameacha nafasi ya jina, kwa sababu kitambaa alichochora kwa ajili ya ugeni wa mwisho ilibidi kifutwe jina kabla hakijatumika. Anaomba nusu ya malipo mbele. Kile cha mwisho bado anakidai.