Tuseme Ni Mabati

Nchi hii kila kitu kina nauli yake. Gunia la mpunga lina nauli, kitanda cha mninga kina nauli, mbuzi ana nauli, na hata bahasha anayokabidhiwa kondakta wa basi ina nauli, ingawa hiyo huitwa hela ya soda. Kisicho na nauli ni ndege ambayo haijamaliza kuundwa. Nina hakika na hilo kwa sababu shemeji yangu, fundi mitambo mstaafu wa Ifakara, alinunua moja, na mimi ndiye niliyeteuliwa na ukoo kufuatana naye kwenda kuileta, kwa vigezo viwili: sina kazi ya kunibana, na nina sweta.

Tuelewane kwanza. Hakununua ndege, alinunua vipande. Kuna viwanda ng'ambo vinavyouza ndege ndogo ikiwa ndani ya makasha: bati za aluminiamu zilizokwisha kukatwa na kutobolewa, ribiti kwa maelfu, na michoro ya kutosha kumpa mtu kipandauso. Yanayobaki unajiundia mwenyewe uani. Mwenye hii alikuwa mzee mmoja wa kizungu wa Usa River, kule Meru, aliyefika katikati ya kazi, umri ukamfika naye, akaamua kurudi kwao. Alimwachia shemeji kwa bei ambayo dada yangu hadi leo hajaambiwa vizuri.

Ugonjwa huu wa kujiundia ndege si mgeni katika ukanda wetu. Uganda, mwaka 2011, Chris Nsamba na wenzake walitangazwa na vyombo vya habari vya dunia wakiunda ndege uani kwa mama yake, Kampala. Kenya yuko Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta, ambaye ameunda ndege moja baada ya nyingine. Kwetu, Tunduma, fundi mmoja alijitengenezea helikopta. Waandishi wote waliokwenda kuwatazama waliuliza swali moja: itaruka? Swali la mtu mzima, kwamba itabebwa na nini, hakuna aliyeliuliza.

Shemeji ana sababu zake. Bonde la Kilombero ni ardhi oevu iliyoingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, karibu kilometa za mraba 8,000, na masika maji yakishatanda, anayetaka kujua yanayotendeka huko ndani sharti awe na mabawa au awe mamba. Anataka kuwaona kutoka juu sheshe, wale swala wa majimajini ambao kwa miaka mingi walijaa humu bondeni kuliko mahali pengine popote duniani. Umamba aliufikiria, akauacha.

Kwa makaratasi, kazi ilikuwa nyepesi. Ndege yenyewe ni ya aina ya Zenith CH 701, ya watu wawili, yenye mabawa manene ya kuiwezesha kupaa na kutua kwenye kiwanja kifupi. Ikikamilika, injini ikiwa ndani, uzito wake mtupu ni kama kilo 263. Kwa kipimo cha Ifakara hayo ni magunia mawili na nusu ya mpunga, na wakulima wetu walivyozoea kushindiliwa lumbesa, huenda yasifike mawili. Yetu haikuwa hata na injini. Ila bawa moja linapita mita 3, na bodi nalo halikunjiki. Wenye malori hawauzi uzito, wanauza nafasi. Mwenye misumari na mwenye magodoro wakipakia siku moja, mwenye magodoro ndiye atakayelia.

Reli tuliiwaza. TAZARA inapita Ifakara hapo hapo, katika zile kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Moshi, upande wa Usa River, nako kuna reli. Lakini reli ya Moshi na ya Kati zina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina 1,067. Kwa sababu ya milimita 67, mzigo wote hushushwa behewa moja na kupakiwa jingine. Kila kupakia na kushusha kuna vijana, kila kijana ana mikono, na aluminiamu ile inabonyea kwa kidole gumba. Tukakubaliana: lori moja, kupakia mara moja, kushusha mara moja.

Tukaenda kwenye kijiwe cha madalali wa malori, Moshi.

“Mzigo gani, wazee wangu?” dalali aliuliza.

“Ndege,” shemeji akajibu, kwa fahari ya mtu aliyeisubiri sentensi hiyo tangu darasa la nne.

Dalali alijiweka sawa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilimwona kwa macho yangu akihama kutoka kwenye laki kwenda kwenye milioni. Hiyo, akasema, inataka trela la kubebea magreda, na gari la polisi litangulie mbele. Shemeji akamweleza kwamba bawa zima linanyanyuliwa na mtu mmoja. “Basi si iruke tu yenyewe!” dalali akasema, na kijiwe kizima kikaangua kicheko. Utani huo tuliusikia tena kwa mpakiaji, kwa muuza chai na kwa kila aliyetuuliza habari njiani, na kila mmoja aliutoa akiamini kwamba ndiye aliyeubuni. Mwanzoni shemeji alicheka nao. Tulipofika Same alikuwa anakohoa tu.

Kesho yake tulihamia kijiwe kingine, na safari hii nilizungumza mimi. “Tuna mabati kidogo,” nikasema. Bei ikashuka kama maji ya maporomoko ya Sanje. Wala sikusema uongo, maana aluminiamu ni bati, tofauti ni matarajio tu. Tukapewa Fuso lililokuwa linakwenda Ifakara kufuata mchele, na hapo ndipo ilipo siri yote ya unafuu. Mwenye kabati la kusafirisha asome mara mbili: baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, bonde linatoa mchele na malori yanaingia matupu. Anayetoa kitu Ifakara msimu huo anagombea nafasi na magunia. Anayeingiza kitu anamkuta dereva aliyekwisha kujiandaa kisaikolojia kwenda bure, na chochote utakachompa ni baraka.

Lakini jina la bei rahisi nalo lina gharama zake. Ukishakiita kitu mabati, kitatendewa kimabati. Utingo aliegemeza baiskeli yake kwenye mkia. Magodoro tuliyokuwa tumeyazungushia mabawa aliyaona ni anasa, akalivuta moja alilalie. Tulipofika Segera, dereva alinunua machungwa ya biashara, akatazama huku na huku, kisha akaanza kuyamimina ndani ya bodi.

“Dereva, hapo hapana!” shemeji akapiga kelele.

“Kwani vipi, mzee? Si mabati tu?”

Nilimtazama shemeji usoni. Midomo ilifunguka, neno likafika kwenye meno. Akilitamka, nauli inapanda. Asipolitamka, machungwa yanaingia kwenye chumba cha rubani. Alimeza mate, akaomba kwa upole watangulize nyasi chini.

Kwenye geti la ushuru wa halmashauri moja, dada wa mashine alipanda kuchungulia, akashuka, akaanza kupekua orodha yake. Mahindi yapo, mkaa upo, ng'ombe wapo. Akauliza kama ni mali ya biashara. Nikasema ni vyombo vya nyumbani, mzee anahama. Akamtazama shemeji kwa huruma, mzee mzima anahama na bomba na machungwa, akaturuhusu. Ndege ikapita bure. Machungwa yakalipiwa.

Mizani ndiko mambo yalikonoga. Sheria inataka gari linalozidi tani 3.5 lipimwe, na letu likapanda likiwa limefunikwa turubai lililovimba hadi juu. Afisa akasoma, akatoka kibandani, akalizunguka lori, akarudi, akasoma tena.

“Limejaa pomoni na linapima tupu. Mmebeba nini, sufi?”

Hakuna kosa la gari kuwa jepesi kupita kiasi, lakini alionekana kulitafuta. Akaamuru turubai lifunuliwe.

“Nini hiki?”

“Mabati, afande,” dereva akajibu kwa moyo safi.

“Mabati yenye mikanda ya viti?”

Na kweli ilikuwapo mikanda, miwili, tena mizima kuliko ya kwenye Fuso. Shemeji akasema ni sehemu ya mashine ya shamba. Mashine ya nini? Ya kutazamia. Afisa aliwaza kidogo, akaona malori nyuma yetu yanapiga honi, akatupungia mkono tupite.

Kilichotuumbua ni nyani. Barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa kama 50, na ndani humo kuna mabango ya faini kwa atakayemgonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Wanyama wa Mikumi, kwa lugha nyingine, wana nauli. Tukapata pancha katikati ya hifadhi. Dereva na utingo wakashuka kubadili tairi macho yakiwa nyikani, sisi wawili tukabaki ndani, na kundi la nyani lililokuwa limekaa kando ya lami likanusa machungwa. Turubai halikuwa limefungwa vizuri tangu mizani. Dume mmoja, mwenye mabega ya baunsa, akapanda, akalipenua, akaingia bodini na kukaa kiti cha kushoto, kile cha rubani. Katika CH 701 fimbo ya usukani iko katikati ya viti. Akaishika kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akaokota chungwa, akaling'ata, akatema ganda nje, akatazama mbele upande wa Morogoro tulikotoka, makini kabisa, mwenye ratiba.

Basi lililokuwa linapita likapunguza mwendo. Simu zikatoka madirishani.

“Kiti kile hakuna mtu aliyewahi kukikalia,” shemeji akanong'ona. “Nilikuwa nakingoja.”

Tulipofika Mikumi mjini na kukata kushoto kuelekea Kidatu, picha ilikuwa imetutangulia. Dereva alipigiwa simu na dereva mwenzake, akasikiliza, akasema “eh” kadhaa, kila moja ndefu kuliko iliyopita. Tukavuka Ruaha Mkuu, tukaingia kwenye mashamba ya miwa, na hapo akaegesha pembeni na kuzima gari.

“Wazee, kumbe mmenipakia ndege?”

Shemeji akajenga hoja, na nakiri ilikuwa hoja nzuri. Haina injini. Haina panga la mbele. Haina matairi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga haiijui, na haina namba ya usajili, zile herufi zinazoanza na 5H ambazo ndege yoyote ya kiraia ya Tanzania lazima izivae. Kitu kisichoruka, kisichotembea na kisichosajiliwa, unakiitaje ndege?

“Mzee,” dereva akasema taratibu, “lori langu likizimika hapa, si bado lori?”

Tulikaa kimya katikati ya miwa. Baadaye shemeji aliniambia kilichomuuma. Haikuwa hela. Kwa miezi yote hiyo dada yangu alikuwa akimwambia kwamba amenunua vyuma chakavu, naye akimbishia kwamba ni ndege. Sasa ndio alikuwa amesimama Kidatu, anatetea hoja ya mke wake mbele ya shahidi, ili apunguziwe nauli, na bado ameshindwa.

Tukaongeza kidogo. Haikufika bei ya ndege, ilizidi bei ya mabati, na machungwa yaliyoliwa na nyani tukayafidia sisi. Kilometa 66.9 za Kidatu hadi Ifakara, ambazo zamani zilikuwa tope masika na vumbi kiangazi, sasa ni lami, na bodi likafika bila bonyeo jipya hata moja. Ifakara walikuwa wanatungoja. Vijana wa kushusha walikuwa na picha ya nyani kwenye simu zao na bei yao kichwani, na mbele ya umati ule shemeji hakubisha tena. Nadhani alilipa makusudi. Ilikuwa mara ya kwanza mji mzima kuiita ndege, na raha hiyo nayo ina nauli.

Sasa imelazwa kwenye ghala lake, katikati ya magunia ya mpunga wa aina ya Mbawambili. Watani wanasema ghalani mna mbawa nne na zinazolisha familia ni mbili. Jirani mmoja, akiwa bado anaamini ni mabati, ameomba bawa la kuanikia perege. Mwingine, aliyesikia ni ndege, amekuja kukopa fedha. Dada yangu haiiti jina lolote. Husema “kile kitu chako”, na hilo ndilo jina pekee ambalo hadi sasa halijatugharimu hata shilingi.

Imebaki injini, Rotax 912, ambayo itaingilia Dar es Salaam. Ni kilo 60 hivi, na safari hii shemeji amejipanga. Juzi alimpigia mwenye lori lingine linalokuja kufuata mchele. Mzigo gani? Pampu ya maji, akasema, bila kutikisika, na bei ikatajwa ndogo mpaka akanikonyeza. Kisha mwenye lori akanyamaza kidogo.

“Pampu ya umwagiliaji? Mzee, mimi nina shamba Mngeta na pampu yangu imekufa. Ikifika nitaishusha kwangu kwanza, niijaribu wiki moja tu.”